Kusaka spea za Land Rover 109 minadani na kwenye vyuma chakavu: mwongozo kamili toka nyumbani mpaka unafunga

Watu wakisikia una Land Rover ya zamani, zile 109 Series III, swali la kwanza ni "spea unapata wapi?" na wanakuuliza kwa sauti ya kukupa pole kabisa. Spea zipo aisee. Shida ni kwamba haziuzwi kwa jina lake. Ukienda duka la kawaida la spea ukasema nataka kabureta ya Zenith ya 109, kijana wa kaunta anakuangalia kama umemuulizia nauli ya treni ya Mjerumani, lakini kabureta hiyohiyo iko juu ya turubai la mtu pale mnadani, imechanganywa na kufuli mbovu, pasi za mkaa na minyororo ya baiskeli, na mwenyewe hajui kama ni kabureta, kwake yeye ni chuma na anauza chuma. Kazi yako wewe ni kukijua kile chuma kabla hajakijua yeye.

Natumia mfano wa 109 kwa sababu ndiyo niliyonayo, ya marehemu mzee, petroli, cc 2286, ilikaa juu ya mawe miaka tisa ndo nikaanza kuishughulikia. Ila kama una Peugeot 504, Datsun 1200 au Volkswagen za mgongo wa kobe, njia ni hiihii, utabadilisha majina tu.

HATUA YA 1: Lijue gari lako, usiamini kadi

Kadi inasema Series III ya mwaka sijui ngapi, sawa, lakini gari la miaka karibu 50 limepita mikononi mwa mafundi wangapi? Kila aliyekwama nalo porini alifunga kilichopatikana siku ile, kwahiyo usishangae kukuta injini ya mwaka mmoja, gia boksi ya mwaka mwingine na taa za trekta.

Kwa ufupi tu: Series II ilianza 1958, IIA ikaja 1961, Series III ikaanza 1971 mpaka 1985. 88 na 109 ni urefu kwa inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Series III utaijua kwa grili ya plastiki na dashibodi iliyo mbele ya dereva, wenzake wa zamani saa zao ziko katikati. Gia boksi ya Series III gia zote nne za mbele zina sinkro (kile kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kukwaruza), za II na IIA ni ya tatu na ya nne tu, ndo maana wazee walikuwa wanakanyaga klachi mara mbili.

Sasa ngoja niwaambie ujinga wangu. Nilipoanza kila mtu ananiambia Land Rover hukata hafu shafti (zile shafti za ndani ya ekseli zinazozungusha magurudumu), weka za akiba, weka za akiba. Nikasikia kuna jamaa anazo, nikaenda mbio, nikanunua mbili za nyuma, nzuri, meno safi, nikarudi nazo kifua mbele. Fundi wangu, mzee mmoja aliyezifanyia kazi gari hizi toka ujana wake, hata hakuzishika. Akazitazama pale chini akasema, "Hizo za difu ya Rover kijana wangu. Wewe nyuma una Salisbury." Akanywa chai kidogo akaongeza, "Halafu Salisbury hazikatiki ovyo, hata ungeacha." Yaani nimekosea kununua na hata nisingekosea sikuwa nazihitaji.

Difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu, na Rover na Salisbury ni aina zake mbili. Kuzitofautisha ni dakika moja, ingia tu chini ya gari. Difu ya Rover mgongo wake kwa nyuma ni wa mviringo umechomelewa, haufunguki, difu yenyewe inatolewa kwa mbele upande wa propela. Salisbury ni nene, nzito, na nyuma ina mfuniko uliofungwa kwa boliti nyingi kuzunguka. Series III ndefu nyingi zina Salisbury nyuma, ila mbele bado ni Rover, kwahiyo gari moja lina difu za aina mbili na ukisema "nataka spea ya difu" bila kusema ipi umeshapotea.

Chukua daftari kabla hujaenda popote. Andika namba ya injini, dainamo au altaneta na mfano wake (Lucas huwa wanagonga namba ubavuni), kabureta gani, dramu za breki inchi ngapi (109 ni 11, za 88 nyingi ni 10), rimu saizi gani. Piga picha kila kitu kwa pembe tatu. Ukishafika mnadani na jua la saa sita kichwani kumbukumbu inakuwa haipo.

HATUA YA 2: Ibebe ile mbovu

Hii watu wanaidharau sana. Ukitafuta pampu ya mafuta nenda na pampu yako mbovu mkononi, usiende na maelezo. Kwanza muuzaji anaelewa kwa macho haraka kuliko kwa masikio, pili unalinganisha tundu kwa tundu, na tatu wakati mwingine anaichukua ile mbovu kama chuma na anakupunguzia.

Kwenye begi langu huwa kuna sumaku (nilitoa kwenye spika iliyokufa), tepu, vernia (ya kupimia unene), tochi, brashi ya waya, kipande cha msasa, chupa ndogo ya mafuta ya taa, chaki ya shuleni, kipande cha kioo kinene kama kiganja, na boliti na nati mbili tatu za gari lenyewe. Vingine nitavielezea mbele, ila za boliti ngoja nizimalize hapahapa maana zimeharibu injini nyingi.

Land Rover hizi ni za inchi. Boliti ya kawaida kabisa humo ni ya 5/16, na inafunguliwa kwa spana ya nusu inchi. Sasa nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 inaingia inalegea kidogo, ndo hapo fundi wa Toyota anasema "hii ni milimita nane bwana, tia boliti ya spana 13." Unene kweli karibu sawa, lakini nyuzi hazifanani, ya inchi nyuzi zake zimebanana zaidi. Ukiifunga kwa vidole inakubali mizunguko miwili, wa tatu inakuwa ngumu, fundi anachukua spana anaikaza kwa nguvu, na ndo kwisha, amekula nyuzi za bloku. Kwahiyo kila spea yenye tundu la boliti ijaribu na boliti yako mwenyewe, kwa vidole. Ikizunguka mpaka mwisho bila spana ni ya kwako. Ikigoma mzunguko wa tatu, kuna mtu alishaingiza boliti ya milimita humo au hiyo spea ni ya gari jingine.

HATUA YA 3: Wapi pa kwenda na kwa mpangilio gani

Dar watu wote wanajua Gerezani na mtaa wa Shaurimoyo. Pale kuna kila kitu lakini zaidi ni Toyota na Nissan za juzi, vitu vya Land Rover za zamani utavikuta kwa wazee wachache ndani ndani, sio kwenye fremu za barabarani. Ukifika tu mawinga watakuvamia, "bosi unatafuta nini, nipe dakika mbili nikuletee." Hakuna ubaya, winga anajua milango ambayo wewe huijui, ila elewa cha juu chake kiko ndani ya bei. Mimi huwa namtumia winga siku ya kwanza tu, nikishamjua mzee mwenye mali nachukua namba yake na siku ya pili naenda mwenyewe.

Arusha kwa gari hizi ni bora zaidi kwa maoni yangu, sababu ni utalii, Land Rover zimefanya kazi za mbuga miaka na miaka na mabaki yake yako humuhumu mjini. Zunguka gereji za Unga Limited, usiulize spea, uliza "kuna Land Rover iliyolala hapa?" Oktoba 2024 palipofanyika ule mkusanyiko mkubwa wa Land Rover Arusha zilitoka gari ambazo watu hawakujua kama bado zipo, na kila gari ina mwenyewe na kila mwenyewe ana stoo. Ukimwona mtu na 109 barabarani msimamishe, msalimie, chukua namba. Wenye gari hizi hawana kiburi, wengi wanatafuta mtu wa kumlalamikia.

Minada na magulio. Hapa ndo penye raha yake. Tengeru siku ya Jumamosi kwa mfano, au gulio lolote la wilayani, utakuta sehemu ya nyuma nyuma baada ya viatu vya mtumba kuna watu wametandika viroba na juu yake vyuma. Nenda mapema, saa moja na nusu wakiwa wanatandika, kwa sababu saa nne wale wanunuzi wa chuma wenye mizani wameshapita.

Kabureta yangu niliipata hivyo, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza visu vya kunoa na vyuma vya mashine ya kusaga.

"Mama shikamoo."

"Marahaba baba, karibu."

"Hiki chuma cha nini?"

"Hata sijui, kililetwa na vijana. Nipe elfu kumi."

Nikakigeuza. Chini ya uchafu kuna herufi zimechomoza, nikasugua kwa kidole gumba, Zenith, pembeni 36 IV. Moyo ukaanza kwenda mbio ila uso nikauacha umelala vilevile, nikaulizia bei ya kisu kwanza. Nikaondoka na kisu na kabureta kwa elfu tisa. Kisu bado kinakata nyama vizuri tu.

Wanunuzi wa chuma chakavu. Hawa ni marafiki zako na adui zako. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na aluminiamu mtaani kwetu ina mteja mkubwa kuliko mimi na wewe, yaani mafundi wa kusubu masufuria. Boneti, mlango, ubavu wa nyuma, nyumba ya gia boksi, vyote vinayeyushwa. Nimeshafika sehemu nikaambiwa boneti mbili za Land Rover ziliondoka juzi, ina maana leo kuna harusi mahali wali umepikiwa kwenye boneti ya 109. Dawa ni kuwahi na kuongea: nenda kwa mwenye mzani, mwonyeshe picha kwenye simu, mwambie kitu kama hiki kikija nipigie kabla hujakikatakata, nakulipa zaidi ya bei ya kilo. Mwachie ya vocha. Wapo watano wanaonipigia mpaka leo na hakuna duka linalonifaa kama hao.

Mahali pengine ambapo wengi hawapafikirii ni kwenye yadi za misheni na za halmashauri, kuna Land Rover zimeota nyasi miaka. Hapo hauingii na spana, unaongea na mhusika, za serikali zinauzwa kwa mnada rasmi na unanunua gari zima, ambayo mara nyingi ni nafuu kuliko kuokoteza kimoja kimoja.

Na ukikwama kabisa, Nairobi. Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu bado wanaiita Grogan, ina mabingwa wa spea za kila aina, na Land Rover ziliwahi kuunganishwa kulekule Kenya, Thika, kwahiyo vitu vipo. Ukivuka Namanga na spea uwe na risiti, usijifanye ni mizigo ya shangazi.

Kitu kingine, usitafute kwenye Land Rover peke yake. Lucas walitengenezea vifaa vya umeme magari na matrekta ya Kiingereza ya kila aina, kwahiyo dainamo ya Massey Ferguson ya zamani inaweza kuwa ndugu kabisa na ya kwako, angalia namba ya ubavuni, puli na mikono ya kufungia. Taa za mbele ni zile za duara za inchi 7, hata Land Cruiser za pikapu zina saizi hiyo. Vijijini trekta bovu ni rahisi kulipata kuliko Land Rover bovu.

HATUA YA 4: Kukagua palepale chini

Hapa usione aibu. Chuchumaa, chukua muda, muuzaji akikuharakisha muulize yeye ana basi la saa ngapi.

Namba. Spea za Land Rover zina namba ya herufi tatu na tarakimu, kama zinazoanza na RTC, ETC au FRC, na za zamani zaidi ni tarakimu sita tupu. Ila angalizo, ile namba iliyochomoza kwenye chuma chenyewe wakati wa kusubu si lazima iwe namba ya spea, isikuchanganye. Kwenye vifaa vya Lucas tafuta tarakimu ndogo zilizogongwa mfano 12 74, hiyo ya pili ni mwaka, inakusaidia kujua kama kitu ni cha umri wa gari lako au ni kopi ya majuzi.

Sumaku. Ngozi ya nje ya bodi haitakiwi kushika sumaku, ikishika ujue kuna mtu alipiga bati. Fremu ya ndani ya mlango ndo ya chuma na inatakiwa ishike. Pale chuma kinapokutana na aluminiamu tafuta unga mweupe, ukiukuta mwingi gonga kidogo kwa kidole, kama panasikika kama karatasi achana nao.

Hafu shafti. Inyanyue usawa wa jicho uitazame kwa urefu kama unavyotazama ubao kama umepinda. Meno ya mwisho wake yanatakiwa yaende mstari ulionyooka. Yakiwa yamejisokota hata kidogo, kama kamba ya katani, hiyo ilishabeba mzigo mpaka ikachoka na itakukatikia mtoni. Hesabu na meno, za difu ya Rover za Series ni 10 upande wa ndani, za gari mpya za baadae ni 24 na haziingii.

Dramu. Itundike kwa kidole kwenye tundu moja halafu igonge kwa spana. Nzima inalia kama kengele ya shule, yenye ufa inatoa sauti ya sufuria lenye ugali. Baada ya hapo pitisha kucha ndani, kama kuna ngazi kubwa ukingoni imeshachongwa sana.

Silinda hedi. Hii ndo naiogopa kuliko zote, hasa za dizeli maana zina tabia ya kupasuka kati ya vali na vali. Sugua eneo hilo kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa pakauke kabisa, halafu paka chaki juu. Ukanywe hata soda. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda yaingie kwenye chaki na utauona mstari wa rangi iliyoiva, mwembamba kama unywele. Hakuna mstari, weka rula kwa ubavu juu ya uso wa hedi, mulika tochi nyuma yake, mwanga ukipenya mwingi inahitaji kupelekwa kuchongwa.

Kabureta ya Zenith ugonjwa wake ni mfuniko wa juu kupinda, kwa sababu watu wanakaza boliti kwa hasira. Kile kipande cha kioo ndo kazi yake hapa, ulaze mfuniko juu yake ubonyeze pembeni, ukicheza umepinda. Sio mwisho wa dunia, unausugua taratibu juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka unakaa, ila bei ishuke.

Stata na altaneta hakuna kununua kwa maneno, tafuta betri. Gereji haiko mbali na sehemu hizo, toa mia tano uazime. Stata ikanyage kwa kiatu kizito kabla hujagusisha waya maana inaruka kama kuku aliyechinjwa, na mtoto asiwe karibu.

Gia boksi, zungusha shafti ya mbele kwa mkono huku unaingiza gia moja moja, sikiliza. Mkwaruzo laini ni beringi, kitu kinachodunda kila mzunguko ni jino limemeguka. Mimina mafuta yaliyobaki kwenye kiganja ukae juani, yakimetameta kama rangi ya kucha ule ni unga wa gia zenyewe.

Springi watu wanakosea sana, wanahesabu karatasi wanaona sawa wanabeba. Ya upande wa dereva na ya upande wa abiria hazijapinda sawa, ukichanganya gari linalala upande mmoja kama lori la mkaa.

Na kuna vitu usinunue used hata vikiwa bure: mipira yote, paipu za mpira za breki, tai rodi endi (viungo vya mwisho wa fimbo za usukani), silinda za breki zilizoliwa na kutu ndani. Vipya bado vinatengenezwa na vinaagizwa Uingereza kwa namba ya spea, gharama yake sio ya kutisha. Okoa hela kwenye bampa, usiokoe kwenye breki.

HATUA YA 5: Bei

Usiende na gari lenyewe. Ukipaki 109 inayong'aa pembeni ya turubai, kile chuma cha elfu kumi kimeshakuwa antiki. Usiseme "nimeitafuta hii miaka miwili", hata kama ni kweli, meza. Anza na kitu usichokihitaji, kishushe bei, kisha changanya na unachokitaka.

Kipimo changu ni hiki, kadiria kilo na ujue siku hiyo chuma chakavu na aluminiamu vinanunuliwa bei gani kwa kilo. Hiyo ndo sakafu, muuzaji hawezi kushuka chini yake kwa sababu mwenye mzani atamlipa vilevile. Ukimpa mara mbili ya sakafu kwa kitu ambacho hakijui, mmeachana vizuri. Akiwa anakijua kama wale wazee wa Shaurimoyo, hapo sahau habari za kilo, unalipia ujuzi wake na miaka aliyokitunza, na kusema kweli mimi huwa sibishani nao sana, hao wakifa na stoo zao zikiuzwa kwa mzani tumekwisha.

Kama hela haijatosha toa kishika uchumba, mwambie akiweke pembeni, kipige picha pamoja na yeye akiwa amekishika. Na kabla hujaondoka mkubaliane, "nikifunga isipokubali narudisha." Wengi wanakubali siku moja au mbili. Atakipaka alama ya rangi ili usije ukamrudishia chuma kingine, usikasirike na usiifute ile rangi mpaka umeshafunga.

HATUA YA 6: Isije ikawa ya wizi

Bei ikiwa ya kushangaza, waya zimekatwa badala ya kufunguliwa, kutu haipo pale boliti ilipokuwa, na muuzaji anaangalia nyuma yake kuliko anavyokuangalia wewe, ondoka. Dukani dai risiti ya mashine. Kwa mtu binafsi andikeni karatasi, jina, simu, kitu gani, sahihi, kwa injini na gia boksi usikubali bila hiyo. Injini namba yake iko kwenye kadi ya gari lako, ukibadilisha lazima ufuate utaratibu wa TRA kuibadilisha, vinginevyo siku ya kuuza au ya trafiki mwenye muda wake utapata tabu. Chesisi yenye namba usinunue kabisa kama kadi yake haipo. Namba kwenye hizi imegongwa mbele kulia, pale springi inaposhikia, ukiona pamesagwa wala usiulize bei.

HATUA YA 7: Kuisafisha

Chuma chenye kutu kali usikishambulie kwa grenda. Chukua ndoo ya plastiki, maji, vijiko kadhaa vya magadi, yaleyale ya maharage. Ning'iniza spea ndani kwa waya, pembeni tumbukiza kipande cha nondo, visigusane. Chaja ya betri, hasi ifunge kwenye spea, chanya kwenye nondo. Ukikosea hapo inakula spea badala ya kutu, rudia kuangalia. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, kinatoa sumu kwenye maji. Mapovu yataanza, yale ni gesi inayolipuka, kwahiyo fanyia nje, hakuna sigara, na zima chaja kabla ya kugusa. Usiku mmoja asubuhi kutu imekuwa tope jeusi linalotoka kwa mswaki. Kausha haraka na upake mafuta palepale, la sivyo mpaka saa sita imeshapata kutu mpya. Aluminiamu usiiweke humo hata kidogo, itachimbika. Kabureta na vitu vya aluminiamu ni mafuta ya taa na mswaki na uvumilivu.

Ukimaliza funga lebo, andika ni nini, umetoa wapi, lini, bei. Ukishafikisha spea thelathini kwenye rafu utanishukuru, maana mwenyewe utaanza kuziita chuma.

Zile hafu shafti zangu mbili zilikaa rafuni na lebo yake karibu miaka miwili. Mwaka jana jamaa mmoja wa Usa River mwenye 88 kanipigia, imemkatikia ya nyuma kulia, na 88 nyuma ni difu ya Rover. Alikuja na pikipiki jioni, akazitazama kwa urefu kama ubao, akahesabu meno, kumi. Hela sikuchukua, alikuwa na kioo cha saa ya mafuta cha Smiths kisicho na ufa na kwangu kilivunjika toka enzi za mzee, akanipa hicho tukawa sawa.